Mama wa Jiwe la Tisa

Jumapili, 20 Julai

Koku wangu anakwenda kuwa daktari! Wamebaki wawili parokia nzima, na mmoja ni Kokulinda, wa tumbo hili hili. Sasa ndiyo nikusalimu, daftari langu. Habari za siku nyingi.

Padri Pius ametangaza baada ya komunyo. Mfuko wa parokia utasomesha kijana mmoja udaktari, mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Mmoja tu. Walioomba walikuwa kumi na saba. Wamechujwa, wamebaki Koku na Alexander, mtoto wa Getruda. Getruda ni jirani yangu, anauza vitenge sokoni Mkuyuni, meza ya tatu kutoka kwenye karai langu la samaki. Tunapendana sana. Leo kaja kanisani na kofia yenye ua kubwa kama sahani. Jumapili ya kawaida, si Pasaka wala nini.

Padri kasema wote wawili watafanya kazi juma hili kwenye zahanati ya parokia, chini ya Sista Odeta, muuguzi mkuu. Ijumaa kamati itakaa hapohapo na kuamua. Tena kasema kila mmoja aje Ijumaa na kitu fulani mkononi. Kitu gani, sikusikia. Ile kofia ilikuwa inapita mbele yangu.

Bila mfuko huo hatuna njia nyingine. Baba Koku alifunga kamba za kivuko pale Kigongo miaka ishirini na miwili. Tangu watu waanze kupita darajani, kivuko kimepumzika, naye amepumzika. Samaki wangu wanatulisha vizuri, lakini samaki hawasomeshi udaktari.

Jioni nimemwuliza Koku atajiandaaje. Kasema atalala saa tatu kama kawaida. Alexander, nimesikia, anakariri mifupa yote ya mwanadamu, mmoja mmoja, mpaka saa nane, na mama yake anampelekea chai. Wangu anakwenda kulala kama kuku.

Nimeona wazi kwamba mama asipoingilia kati, hapa hakuna daktari.

Jumatatu, 21 Julai

Nimepita zahanati kwa bahati tu, na kikapu changu, nikakaa chini ya dirisha.

Alexander yuko ndani na Sista, kalamu mbili mfukoni. Na wangu? Anateka maji. Binti mwenye Divisheni Wani, fizikia, kemia na baiolojia, anabeba ndoo! Alipomaliza ndoo akakaa nje na wagonjwa, kwenye kigoda, chini kuliko wao wote. Mbele yake Mzee Kashindye wa Buhongwa, mfuga ng'ombe, anaeleza habari za mguu wake. Mzee alianzia mwaka alionunua plau. Akapita kwenye ugomvi wa mke mkubwa na mke mdogo. Akaeleza dume lake jekundu lilivyokufa. Mimi mwenyewe nilisinzia. Koku hakumkatisha hata mara moja. Mzee alipofika kwenye mwiba alioukanyaga mwezi wa tano, ndipo Koku akauliza swali moja, polepole: na ganzi ilianza kabla ya mwiba au baada ya mwiba? Mzee akasema, kumbe kabla. Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

Hapo nilijivuna kidogo. Kisha mzee akauliza ni ugonjwa gani, na mwanangu akajibu, kwa sauti ya watu wote kusikia, kwamba hajui, atamwuliza Sista.

Hajui! Mbele ya benchi zima!

Nyumbani nimemkalisha. Nimemwambia daktari hasemi sijui. Daktari anasema mmmh, anaandika kitu kisichosomeka, anaita anayefuata. Koku kacheka, kaniita mama yangu mzuri, kaenda kunawa. Kunawa kwake ni habari nyingine. Kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kucha, huku anaimba wimbo mzima wa Bikira Maria, beti zote tatu, ndipo anasuuza. Anafanya hivyo tangu darasa la tano. Sabuni ya nyumba hii inaisha kama tuna bweni la wanafunzi.

Baba Koku kasema nimwache mtoto. Huyo kila kitu anasema kiachwe.

Jumanne, 22 Julai

Koti jeupe. Ndicho kilichokuwa kinakosekana.

Nimemfuata fundi cherehani alfajiri, akashona hadi saa nne. Tetroni nyeupe, mifuko mitatu. Juu ya mfuko wa kifua nimemwambia adarizi kwa uzi wa bluu: Dkt. Kokulinda Kahigwa. Fundi kauliza kama tayari ni daktari. Nimemwambia uzi unadumu, ataufikia.

Nimelipeleka mwenyewe zahanati, nimelibeba mbele kwa mikono miwili kama mavazi ya padri. Koku kalipokea kwa heshima, kapiga goti, kanishukuru. Hakulivaa. Kasema Sista amewaambia wavae aproni tu. Nikaondoka nikijua atalivaa nikifika kona.

Saa nane Getruda anapita mbele ya karai langu akitabasamu meno yote. Ananiambia asante sana mama mwenzangu, sikujua una moyo hivyo. Nikamwuliza asante ya nini. Kumbe Alexander kaona kidonda kinasafishwa, kizunguzungu kikamshika, katapika shati zima. Na Koku kamshika bega, kamtoa nje, kamnywesha maji, kamvalisha koti. Koti langu!

Kwa hiyo mtoto wa Getruda kapita soko zima la Mkuyuni ameandikwa kifuani Dkt. Kokulinda Kahigwa. Watu watatu wamemsalimia shikamoo daktari.

Jumatano, 23 Julai

Nimetulia. Nimegundua tatizo ni kitabu. Daktari lazima aonekane na kitabu kinene.

Mzee Chenge, bwana mifugo mstaafu wa nyuma ya soko, anacho. Kinene kama tofali, Kiingereza mwanzo mwisho, na mchoro wa tumbo lililofunguliwa, rangi tupu. Nimempa sato wawili, kaniazima kitabu. Nikakiweka juu ya rafu ya Koku, pale kamati ikija nyumbani kuulizia watakiona tokea mlangoni.

Rafu ilikuwa imejaa, nikapunguza. Kulikuwa na madaftari manne ya zamani yaliyochakaa. Nilidhani ni masomo, nikafungua. Hakuna hesabu, hakuna kemia. Tarehe, na habari za watu ovyo, hata majina hayamo. Bibi wa kisimani amepoteza hamu ya kula tangu mkwewe ahame. Mtoto wa jirani hukohoa siku za vumbi, si siku za baridi. Kurasa nyingine ni samaki watupu. Mchoro wa ini la sato, mchoro wa nyongo, sangara huyu ini lake lina madoa, nimemwonyesha mama, mama kasema kata haraka wateja wanasubiri. Kweli nilisema. Anafungua samaki kama anafungua barua. Nyongo haijawahi kumpasukia hata mara moja, lakini anachelewa.

Basi nikayachukua madaftari kwenda gengeni. Magazeti ya kufungia samaki siku hizi hayapatikani, na karatasi za daftari zinanyonya mafuta vizuri.

Koku alirudi jioni akaona kitabu. Kakifungua, katazama lile tumbo. Kaniuliza, kwa upole, kama nimeona lina vyumba vinne. Nikamwambia ndiyo, mwanadamu ni fumbo. Kasema mama, huyu ni ng'ombe.

Baba Koku kacheka mpaka katoka nje.

Alhamisi, 24 Julai

Leo nimepata akili iliyo bora kuliko zote. Sista Odeta ni mtu, na mtu ana mdomo. Nikachagua sato mkubwa kuliko wote walioshushwa mwaloni na wavuvi, nikamkaanga hadi akawa rangi ya dhahabu, chumvi ya kutosha kama ninavyopenda mimi, limau pembeni. Samaki mkubwa hivyo alitaka kurasa nne. Nilipokuwa nachana nikasoma, maana mafuta yalikuwa hayajapata moto tena.

Zilikuwa kurasa za mama mmoja, Koku kamwita mama wa jiwe la tisa. Kumbe anakaa mlimani kwenye mawe kama sisi. 12 Mei, anapanda ngazi ya mawe kumi na manne, anapumzika jiwe la tisa. 3 Juni, anapumzika jiwe la saba. 30 Juni, jiwe la sita, anasema anatazama ziwa. 14 Julai, jiwe la tano, ameshika ukuta. Jioni viatu havimwingii. Asubuhi kisogo kinamuuma, anasema ni jua la jana. Nimemwomba akapimwe mara nne. Anasema presha ni ya wenye magari.

Nikamhurumia huyo mama. Nikajiuliza, hana watu wa kumwangalia? Lakini ana akili, hata mimi husema hivyohivyo kuhusu presha.

Nikafunga samaki, nikampeleka Sista kwa mikono yangu. Kafurahi sana.

Jioni Koku kaingia chumbani, katoka, kauliza madaftari yake yako wapi. Nikamwambia yamefanya kazi nzuri, yameuza samaki. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Kakaa juu ya kitanda, mikono magotini. Mtoto huyu sijamwona hivyo tangu bibi yake afariki Kamachumu.

Baba Koku ndiye kanieleza, taratibu, hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Padri Jumapili alisema kila mmoja aje Ijumaa na kitu kimoja anachokifanya kila siku bila kuambiwa na mtu. Kanisa zima lilisikia. Alexander anapeleka chati ya mifupa. Koku alikuwa apeleke madaftari. Miaka mitatu ya kuandika alichokiona.

Nikatoka na khanga moja. Nimegonga kila mlango ninaoukumbuka. Koku kanifuata, tukatafuta pamoja. Mama lishe karudisha mbili. Kinyozi karudisha moja, alikuwa amefunikia uji. Tumepata kurasa kumi na moja, zote zinanuka karai. Tulipokuwa tunapanda nyumbani ilibidi nisimame kidogo, nikamwambia Koku ziwa leo ni zuri. Kanishika kiwiko.

Zile nne za Sista sikuthubutu kumwambia.

Ijumaa, 25 Julai

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi Mungu kanipa njia. Daftari halipo, basi aonekane kwa matendo. Kamati ikikaa, aletwe mgonjwa mahututi, Koku amtibu mbele ya macho yao. Mgonjwa ni nani? Mimi.

Saa tano nimeingia zahanati nimejifunga khanga tumboni, nalia. Kamati ndiyo hiyo mezani: Padri Pius, Sista Odeta, na Mzee Chenge, yule wa kitabu cha ng'ombe, kumbe naye ni mjumbe. Alexander ana chati yake ukutani, nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Getruda amekaa nyuma na kofia. Nikaanguka kwenye benchi kwa adabu, nikaita jina la Koku.

Koku kaja. Kanawa kwanza, wimbo mzima, kamati inasubiri, mimi nakufa. Kisha kavuta kigoda, kakaa chini kuliko mimi. Kaniuliza linauma wapi. Nikamwonyesha kulia. Kaniuliza lilianza lini. Nikasema jana. Akanyamaza tu, ananitazama. Ule ukimya ni mbaya. Mtu ukinyamaziwa hivyo unasema yote. Nikasema juzi, nikasema upande wa kushoto, nikasema labda ni maharage, na sisi hatujala maharage tangu Jumapili.

Kasimama. Kaiambia kamati kwamba hajui mgonjwa anaumwa nini tumboni, na hadhani kama tumbo linauma. Hajui! Tena! Getruda kakohoa. Nilitamani sakafu ifunguke. Lakini Koku hakukaa. Kasema kwamba anaomba jambo moja, mgonjwa apimwe presha, amemwomba tangu Mei na leo ndiyo mara ya kwanza kuingia mlango huu kama mgonjwa.

Sista kanifunga kile kitambaa mkononi. Kapima. Katazama. Kanihamishia kiti, kaniambia nipumue, nisiongee. Hilo la kutoongea lilikuwa gumu. Kapima mkono mwingine. Hata kofia ya Getruda ilitulia.

Mia moja tisini na nne, juu ya mia moja kumi na mbili.

Sista kasema mama, ungeweza kuanguka wakati wowote, karaini, sokoni, popote. Kisha katia mkono mfukoni mwa gauni lake, katoa karatasi nne zilizokunjwa, zina mafuta, moja ina mwiba wa samaki bado. Kasema jana alipokuwa anakula alisoma bahasha ya chakula chake, akaacha kula. Usiku kucha alijiuliza mama wa jiwe la tisa ni nani, na atampataje kabla hajachelewa. Kasoma kwa sauti. Jiwe la tisa. Jiwe la saba. Jiwe la sita, anasema anatazama ziwa.

Jamani.

Nilikuwa mimi. Yule mama niliyemhurumia, nikauliza kama hana watu wa kumwangalia, ni mimi, na alikuwa anaangaliwa kila jioni, jiwe kwa jiwe, na mtoto niliyedhani anachelewa nyuma yangu kwa uvivu. Nimezaa, nimenyonyesha, nimepeleka shule, nikidhani mimi ndiye ninayemwona. Nilimtazama pale amesimama na aproni yake yenye maji ya ndoo, nikaogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa akiingia kanisa kubwa. Sikupata neno. Mimi, Bernadetta, sikupata neno. Padri Pius ndiye aliyeandika hilo kwenye kumbukumbu, nadhani.

Alexander kanyoosha mkono. Kasema yeye anaijua mifupa yote, lakini Jumatatu alikaa na Mzee Kashindye kabla ya Koku na hakusikia habari ya ganzi, maana alimkatisha kwenye plau. Kijana mzuri yule. Koti abaki nalo.

Jumapili, 27 Julai

Ni Koku. Padri katangaza, kanisa limepiga vigelegele, mimi nimepiga kuliko wote mpaka Koku kaniwekea mkono begani kunikumbusha presha. Alexander naye amepata njia, Mzee Chenge atamsaidia kuomba nafasi ya upimaji ardhi, ndicho alichokitaka siku zote na hakuthubutu kumwambia mama yake.

Getruda kanikumbatia, kalia, kofia ikaniingia jichoni. Nimelia pia. Si kwa sababu ya jicho peke yake.

Jumanne, 29 Julai

Nimekaa na kutafakari juma zima, nimepata funzo. Ni samaki.

Hebu fikiria. Nisingechukua madaftari, yasingefika gengeni. Nisingemkaanga yule sato, Sista asingesoma. Nisingejilaza pale benchini, nisingepimwa mbele ya kamati. Kila hatua ni mimi. Nimemweleza Baba Koku, katazama ziwa muda mrefu, kasema sawa mke wangu. Kwa hiyo Hellen, mdogo wake Koku, aliyeko kidato cha pili na anayetaka kuwa hakimu, nimeshamnunulia madaftari manne na kumwamuru aandike kila anachokiona. Nikijua tu hakimu wa hapa anapenda sato au sangara, namfungia.

Dawa nameza, moja asubuhi. Sokoni nimewaambia wote: mia moja tisini na nne. Sista mwenyewe kashtuka. Getruda naye kakimbilia kupimwa, kapata mia moja ishirini na nane tu. Nimempa pole.

Chumvi nimepunguza kwa wateja. Kwenye samaki wangu naweka kidogo, ile ya kuonja.

Koku kaniomba tusifanye sherehe. Kasema bado hajaanza hata siku moja ya chuo, tusubiri amalize walau mwaka. Kasema kwa busara sana, nimekubali kabisa. Kwa hiyo haitaitwa sherehe. Itaitwa ibada ya shukrani, yenye muziki na mahema mawili. Ndizi zinakuja na meli ya Bukoba, shemeji zangu ndio wanazileta. Akina mama kumi na wanane wa jumuiya watavaa sare, makoti meupe, fundi kaanza kukata jana. Kifuani wote watadariziwa Mama Daktari, ila langu litaandikwa kwa herufi kubwa.

Leo jioni nimepanda nyumbani na kapu la unga, Koku nyuma yangu na daftari jipya. Nimepumzika jiwe la sita. Nimemwambia aandike la tisa, maana kitabu hicho siku moja kitasomwa na watu wakubwa. Kaandika kitu. Hakunionyesha.

Basi Padri, Sista, Mzee Kashindye na mguu wake, Getruda na kofia yake, soko zima la Mkuyuni, walioalikwa na watakaosikia tu, ni Jumamosi, tarehe tisa Agosti, saa nane mchana, juu kwetu, mawe kumi na manne kutoka barabarani.